Moshi Ulioitwa Vumbi

Skinopigi, Krete
Tarehe 6 Oktoba 2024

Mpwa wangu Evanthia,

Kukaa miezi minne bila kukuandikia ni utovu wa adabu, na sitautafutia udhuru. Udhuru ni kazi ya wanafunzi. Naomba unisamehe, kisha tuendelee.

Mimi ni mzima, ila kifua kinanisumbua asubuhi. Mwambie mama yako kwamba moto haukuigusa nyumba yetu, wala mtini wa baba. Mizeituni yangu ya upande wa kusini, mia moja na ishirini, imebaki visiki. Bi Garifalia ameunguliwa na nyumba, banda na mbuzi kumi na wanane. Sasa anaishi kwa mwanawe, anagombana na mkwe kuhusu chumvi. Hakufa mtu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unamkumbuka Manousos, mfuga nyuki, aliyekuwa akikuibia lozi kwenye mfuko wa shule? Alikuwa mvivu kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha, na utu uzima haukumbadilisha sana. Ameshtakiwa kwamba ndiye aliyewasha moto wa tarehe 8 Juni. Ripoti ya zimamoto inasema moshi ulionekana mara ya kwanza saa tisa na dakika kumi alasiri. Saa hiyo Manousos alikuwa kwenye mizinga yake, ameshika bomba la kufukizia nyuki, siku ambayo kuwasha kitu chochote nje kulikuwa kumekatazwa. Hilo halikani. Lakini anaapa kwamba aliporudi kutoka soko la Jumamosi la Mires, saa nane na nusu, mlima ulikuwa tayari unanuka moshi, naye akakimbilia mizinga ili awatulize nyuki na kuwahamisha. Hakuna anayemwamini. Mizinga sitini imeteketea, kila Jumatatu anaripoti polisi, na mkahawani wanampa kisogo. Kesi itasikilizwa mwezi Machi. Akitiwa hatiani atakwenda jela.

Wewe kazi yako ni kufuatilia moshi na vumbi kwa setilaiti. Nakuuliza swali moja: siku ile, kati ya saa sita na saa tisa mchana, mliona nini juu ya mlima wetu?

Usinijibu kwa simu. Kwa simu tunaulizana afya na kupeana habari za misiba. Hili liandike.

Mjomba wako,
Polikronis


Athene
Tarehe 2 Novemba 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima. Hapa sote wazima. Mama amefanyiwa upasuaji wa goti, sasa anatembea kwa fimbo na kumgombeza kila kijana anayemwachia kiti kwenye basi. Anasema wanamzeesha. Amelia aliposikia habari za mizeituni, kisha akauliza kama ule mti uliopandwa siku aliyozaliwa umo katika iliyoungua. Nimemwambia nitakuuliza.

Kuhusu swali lako. Setilaiti tunayoitegemea zaidi imekaa mahali pamoja juu ya ikweta, na hututumia picha kila robo saa. Nyingine hutupitia mara moja tu mchana. Picha huingia kwenye mashine, na mashine hupaka rangi: waridi kwa vumbi, kijivu kwa moshi. Kisha mtu wa zamu huhakiki na taarifa hutolewa kwa umma. Tarehe 8 Juni upepo ulikuwa wa kusini, na vumbi la Libya lilikuwa limeifunika Krete tangu Alhamisi. Ramani ya saa saba na robo inaonyesha vumbi juu ya Skinopigi. Ya saa tisa na robo inaonyesha moshi. Zimamoto walitegemea ramani zetu, na ramani ndizo hizo.

Siwezi kusema zaidi. Picha ni mali ya ofisi, na kesi iko mahakamani. Tafadhali usikasirike. Nakutumia soksi za sufu na dawa ya kifua. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, na usiichanganye na ile pombe yako ya raki.

Mpwa wako,
Evanthia


Skinopigi
Tarehe 24 Novemba 2024

Mpwa wangu,

Soksi zimefika na zimenitosha. Dawa ni chungu, lakini nainywa. Raki ya mwaka huu imetoka kali. Nimemwekea mama yako chupa mbili, ajipake gotini au anywe, atajua mwenyewe. Mti wake umeungua. Mwambie. Si vizuri mtu kudanganywa kuhusu mti wake.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Sikukuuliza ramani inasema nini. Nilikuuliza mliona nini, nawe umenijibu kama karani anayetaka kufunga dirisha. Umeandika kwamba "mtu wa zamu huhakiki". Mtu huyo hana jina?

Nitakueleza tulichokiona sisi tulio huku chini. Unajua kwamba Jumamosi wajane huosha makaburi kabla ya sala ya jioni. Tangu mke wangu Aristea afariki nami huenda, mwanamume peke yangu, na wajane wamenifanya mchezo wao. Siku ile kengele ya saa saba ilikuwa imeshapigwa, ya saa nane bado. Nilikuwa nimepiga magoti nasugua marumaru.

"Mwalimu, unasugua kama unafuta ubao," akasema Bi Garifalia. "Polepole, utamwamsha."

"Mwache," akasema Bi Despinio. "Aristea alingoja miaka arobaini amwone ameshika kitambaa. Mwache marehemu afaidi."

Mara Garifalia akaita. "Hebu njoni! Hili nalo ni vumbi gani? Nimeosha, nimekausha, tazameni."

"Si la Libya hilo?"

"La Libya nalijua tangu sijaolewa. Ni jekundu, likilowa linakuwa tope la tofali. Hili ni jeusi, tena lina mafuta."

"Labda Libya wamebadilisha."

"Na pua yangu je, nayo wameibadilisha? Mimi nanusa msonobari."

Tulitazama juu. Mbingu ilikuwa ya manjano, jua limefifia kama kiini cha yai, na mlima haukuonekana kabisa. Kukawa na maneno kidogo. Ikasemwa kwamba ni vumbi tu. Tukabeba ndoo zetu, tukaenda kufunga madirisha, kama tufanyavyo kila Afrika inapotujia.

Kitambaa cha kaburi hakifuliwi nyumbani, kwa hiyo kile cha Garifalia bado kimo ndani ya kasha la taa la kaburi la mumewe. Nimekitazama juzi. Ni cheusi. Na saa ile kilipokuwa kinapata weusi huo, Manousos alikuwa Mires, anauza asali mbele ya watu mia.

Kwa hiyo nakuuliza tena.

Polikronis


Athene
Tarehe 8 Januari 2025

Mjomba,

Heri ya mwaka mpya. Mama amekata mkate wa Mtakatifu Vasili, na sarafu ya bahati imeangukia kipande chako. Ameniambia nikuandikie kwamba amekihifadhi. Kuhusu mti akasema tu, "Kaka yangu hajui kusema uongo, ndiyo maana hana rafiki."

Nimekuandikia barua nne nikazichana. Hii ni ya tano.

Mtu wa zamu ana jina. Ni mimi.

Kwa siku tatu nilikuwa nimebonyeza "vumbi" mara nyingi hata kidole kilikuwa kinakwenda chenyewe. Saa saba na dakika tano mashine ilisimama juu ya Skinopigi ikauliza: vumbi au moshi? Haikuwa na uhakika. Kazi yangu ni kufungua picha yenyewe na kuitazama kwa macho. Sikuifungua. Niliona jina la kijiji chetu na nikatabasamu, mjomba. Nikasema, "Leo Bi Garifalia atafunga madirisha." Nikabonyeza vumbi. Taarifa ikatoka saa saba na robo.

Baada ya barua yako ya Novemba nilibaki ofisini wote walipoondoka, nikazifungua picha zote za siku ile, moja baada ya nyingine. Vumbi halina pa kuanzia. Huja kama shuka lililotandazwa. Moshi una shina. Saa saba kasoro robo kuna uzi mwembamba unaotoka mahali pamoja, kwenye ukingo wa mlima juu ya uwanja wa kale wa kupuria. Saa saba uzi umekuwa ulimi. Saa saba na robo, wakati taarifa yangu inatoka, ulimi umelamba makaburi. Kutoka pale hadi kwenye mizinga ya Manousos ni zaidi ya kilomita moja, tena upande upepo ulikotoka hakuna mzinga hata mmoja. Siwezi kusema ni nini kilichouwasha moto. Naweza kusema ulianza saa ngapi na wapi.

Nilimwonyesha mkuu wangu, Bwana Delivorias. Alitazama muda mrefu.

"Nani amekuomba uzifungue?"

"Hakuna."

"Basi zifunge. Tukikiri siku moja, kila wakili wa nchi hii atatuletea siku yake."

Nilizifunga. Ilikuwa tarehe 3 Desemba. Tangu hapo silali vizuri.

Lakini mjomba, nami nina swali. Kitambaa kilikuwa cheusi kabla ya saa nane. Bi Garifalia alinusa msonobari. Kila mmoja wenu ana simu mfukoni. Umeandika "ikasemwa kwamba ni vumbi tu". Nani alisema?

Evanthia


Skinopigi
Tarehe 26 Januari 2025

Mpwa wangu,

Mpe mama yako salamu. Kipande cha mkate ampe ndege.

Umeuliza, nami nitajibu. Ni mimi niliyesema.

Garifalia alikuwa ameshatoa simu awapigie zimamoto. Nikamshika mkono. Nilikuwa nimetoka kusoma taarifa yenu kwenye simu yangu, maana huisoma kila siku, kwa fahari, na kila siku huwasomea wajane hata wasipotaka. Nikamwambia, "Usitutie aibu, Garifalia. Taarifa ya ofisi ya mpwa wangu hii hapa. Vumbi. Yeye amesomea jambo hili. Wewe umesomea nini?"

Akasema, "Mimi nimesomea kuosha makaburi." Kisha akairudisha simu mfukoni. "Haya, mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Nyumba yake iliwaka saa kumi na moja. Hajanilaumu hata mara moja mbele ya watu. Kila Jumamosi ananitania kama zamani, na hilo ndilo linalonishinda kuvumilia.

Sasa unajua kwa nini nilinyamaza miezi minne. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa naliogopa swali lako. Nilipoandika nilitaka wewe ukiri ili mimi nisilazimike. Huo ni woga, na mwanafunzi aliyeniletea woga wa namna hiyo nilikuwa namsimamisha ukutani.

Jumatano nilikwenda kwa mwendesha mashtaka nikampelekea kurasa mbili. Hakuzisoma. Aliniambia kwa upole, "Mwalimu, una miaka themanini na mmoja. Kumbukumbu huchanganyika." Nikamtajia majina yote ya darasa la baba yake, kwa mpangilio wa madawati, pamoja na nani alikuwa akinakili kwa nani. Baba yake alikuwa dawati la tatu na alikuwa akinakili. Akazipokea karatasi na kuzigonga mhuri.

Wewe sikuamrishi. Katika jambo hili nimeshaamrisha vya kutosha.

Polikronis


Athene
Tarehe 20 Februari 2025

Mjomba,

Nakuamkia. Mama ameitupa fimbo. Anasema mwenye kaka na binti wapumbavu lazima awe na miguu miwili.

Tulisoma barua yako pamoja. Nilitaka kukukasirikia, nikashindwa, kwa sababu neno ulilowaambia wajane lilikuwa langu. Mimi nilibonyeza, wewe ukasoma. Manousos hakuwamo katika hilo, na ndiye anayelipia.

Nimeandika ripoti. Kurasa kumi na moja, picha zote za kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, na ukurasa wa kwanza unasema: kosa la tarehe 8 Juni ni langu, Evanthia, binti wa Kaliroi, mhakiki wa zamu. Nimeipeleka mahakamani kwa mkono wangu, na nakala nimeiweka mezani kwa Bwana Delivorias.

Alikuja na wakili wa ofisi, na karatasi ya kutia sahihi. Karatasi ilisema kwamba ramani ilichorwa na mashine bila mkono wa mtu.

"Tia hapa, jambo liishe," akasema wakili. "Mashine haishtakiwi, haifukuzwi."

"Mashine iliuliza," nikamwambia. "Aliyejibu ni mimi. Mkono ndio huu, utazameni."

"Evanthia, acha ukaidi wa Kikrete," akasema mkuu.

"Ungeajiri wa kwingine, bwana."

Nimesimamishwa kazi tangu Jumatatu. Kamati ya nidhamu itakaa mwisho wa Machi. Dawati langu walilifungia, lakini kichwa changu hawakukifungia, na kila picha ya siku ile naijua kwa dakika yake. Kesi ni tarehe 13 Machi. Nitafika kwa meli asubuhi hiyo, nitasema nilichokuja kusema, na jioni nitarudi, kwa sababu Ijumaa kamati inataka kunihoji kwanza, kabla ya kikao chenyewe. Usinipikie konokono wa kwetu, sitakuwa na hamu ya kula.

Evanthia


Skinopigi
Tarehe 16 Machi 2025

Mpwa wangu Evanthia,

Natumaini bahari haikukusumbua. Ulipokuwa unapanda meli mvua ilikuwa imeanza, nami sikukuambia nililotaka kukuambia. Kwa hiyo naliandika: ulisimama vizuri. Mwendesha mashtaka alipokuuliza kama unatambua kwamba unaiaibisha ofisi yako, ukamjibu kwamba ofisi itapona lakini mtu aliyefungwa hapewi miaka yake, benchi zima liligeuka kukutazama. Hata mimi nilivua kofia, na unajua kwamba si kawaida yangu.

Ijumaa, siku ya pili ya kesi, hukuiona, kwa hiyo nakueleza. Bi Garifalia aliitwa kwanza. Alikuja na kitambaa ndani ya mfuko wa mkate. Hakimu, mwanamke wa makamo, alimuuliza amejuaje kwamba ule ulikuwa moshi.

"Mheshimiwa, wewe unaosha kaburi?"

"Swali naliuliza mimi, mama."

"Basi huoshi. Ungekuwa unaosha usingeuliza."

Watu wakacheka, hakimu akagonga meza. Kisha akamuuliza kwa nini hakupiga simu. Garifalia alinitazama, akafumba mdomo. Angekubali kufungwa kuliko kunitaja. Nikasimama bila kuitwa.

"Kaa chini, mzee."

"Nitakaa nikimaliza. Alikatazwa, na aliyemkataza ni mimi. Nilikuwa na harufu puani na masizi mkononi, nikaamini karatasi kwa sababu ilitoka kwa mpwa wangu. Kijiji chetu kilipoteza karibu saa mbili kwa majivuno yangu. Aandike karani: Polikronis, mwalimu mstaafu."

Karani aliandika. Nilimtazama hadi alipomaliza.

Mchana mwendesha mashtaka alimpa wakili wa Manousos pendekezo. Akikiri kwamba moto ulitoka kwenye bomba lake kwa uzembe, ataachiwa kwa kifungo cha nje. Asipokiri, mahakama iamue, na inaweza kuwa miaka minne. Wakili anamsihi akubali. Mkewe anamsihi. Hata mimi wakili huyo alinipigia simu Jumamosi asubuhi, akaniomba nilegeze maneno yangu kidogo, niseme "nadhani" mahali niliposema "nilinusa", ili pande zote zipate njia ya kutoka. Nilimwambia sikuwahi kumlegezea mtu alama, na sitaanza na zangu.

Saa nne Manousos akaja mlangoni. Tangu aache shule hajawahi kukanyaga kwangu. Nilimkaribisha kiti, akakataa. Alisimama na kofia kichwani.

"Mwalimu, umesikia wanachotaka."

"Nimesikia. Umekuja nikwambie la kufanya?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia mawili. La kwanza, miezi saba ulinipita njiani huku unajua. Ukanisalimu, mwalimu! Ulikuwa unanisalimu! Hilo sikusamehe."

"Ni haki yako."

"Sijui kama nitakusamehe kesho."

"Nalo ni haki yako. La pili?"

Alikuwa na mikono mitupu, na nikaona kwamba hajui pa kuiweka, mtu aliyezoea kushika mizinga.

"La pili, sikiri. Nilifukiza siku ya katazo, hilo nimelikubali tangu siku ya kwanza, wanitoze wanachotaka. Mlima sikuuwasha. Wewe ulinichapa kwa kila kosa nililofanya, na sikumbuki hata mara moja uliponichapa kwa la mwenzangu. Nikikiri hili, wanangu wataitwa watoto wa aliyechoma kijiji mpaka wazeeke. Wanifunge."

"Mkeo ameshajua?"

"Ananisubiri kwenye gari. Analia, lakini amewasha injini."

Akaondoka bila kuaga. Sikumfuata. Nilivaa koti nikaenda mkahawani, nikakaa kwenye meza yake, ile ambayo hakuna anayekaa naye, na nilipoulizwa kahawa ngapi nikasema mbili, na kwamba nitangoja. Alikuja baada ya saa nzima. Hakunisemesha. Aliinywa.

Hukumu itasomwa Alhamisi tarehe 27, saa tatu asubuhi. Garifalia, Despinio na wajane wengine watano wamekodi basi dogo, na wanasema watakaa mstari wa mbele na nguo zao nyeusi, hakimu apende asipende. Wakimfunga tutakata rufaa, na kurasa zangu zitakuwa nne badala ya mbili. Wewe kamati yako isikutishe. Wakikufukuza, chumba cha juu kina dirisha linalotazama kusini na mlima wote unaonekana.

Mahakama ikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijavua koti.

Mjomba wako,
Polikronis